Abiria Hewa wa Dareda

Kosta la Haydom lilikuwa na watu kumi na tisa nilipopanda pale stendi ya Mbulu, nami nikajipongeza. Gari la viti ishirini na sita, watu kumi na tisa, saa kumi na mbili kamili asubuhi: kabla ya chai kupoa tutakuwa njiani. Nikakaa kiti cha tatu nyuma ya dereva, nikajifunga kitenge mabegani maana baridi ya Mbulu mwezi wa Aprili haina utani, nikatoa daftari. Saa moja baadaye tulikuwa kumi na wanne.

Wala hakuna aliyekuwa amefika kokote. Kijana wa dirishani aliinuka kama mtu aliyekumbuka kufunga mlango wa nyumba, akateremka, na mara nikamsikia nje akipiga debe: "Haydom, Haydom, wawili tu tunaondoka!" Begi alilokuwa amelipakata kwa adabu muda wote akamrushia mwenzake, naye akalidaka kwa kidole kimoja. Lilikuwa tupu. Wa pili akamfuata, kisha wa tatu akashuka akinyoosha mgongo, akaenda kusimama kwa mama wa chapati.

Pembeni yangu aliketi mama wa makamo, gunia la vitunguu swaumu likiwa limebanwa katikati ya miguu yake. Nilikuwa nimemwamkia nikiingia, akaitika marahaba, akaniuliza kwa Kiiraqw mimi ni wa ukoo gani, nikamjibu, tukawa ndugu. Sasa akanitazama kwa huruma. "Hao ni abiria wa kila siku, mwanangu. Hawajawahi kuiona Haydom."

Tangu mwaka 2016, serikali ilipochekecha orodha za mishahara ikitafuta wafanyakazi hewa, neno hewa limepata kazi nyingi katika Kiswahili chetu. Pale Mbulu nilikutana na abiria hewa. Kazi yao ni kukalia viti ili wewe ukichungulia mlangoni uone gari limekaribia kujaa, ulipe, ufungwe na nauli yako. Ukishalipa, hawana tena haja na wewe. Nami nilikuwa nimeshalipa.

Tuliondoka saa tatu na dakika arobaini. Kwenye daftari nilikuwa nimepiga mstari katikati ya ukurasa: kushoto shilingi, kulia saa. Upande wa kulia nikaandika 3:40.

Safari yenyewe haikuwa ya utalii. Shangazi yangu alikuwa amelazwa Haydom na mguu uliovunjika, na mjomba, anayeishi Katesh, alitakiwa apelekewe maneno ambayo wazee wa kwetu hawayatumi kwa simu. Mimi nakaa Arusha, nimekulia Mbulu, na katika ukoo ndimi ninayehesabiwa kuwa "hana kazi" kwa sababu naandika. Kwa hiyo nilitumwa. Ukitazama ramani ni duara dogo tu: Mbulu, Haydom, Basotu, Katesh, Dareda, Bashnet, Dongobesh, halafu Mbulu tena. Wilaya mbili, Mbulu na Hanang, na kipande cha Babati katikati. Mtu mwenye gari lake dogo, tena wakati wa kiangazi, angelizunguka kwa siku moja akarudi kula chakula cha usiku kwake. Mimi nilikuwa na mkoba, viatu vya raba na imani kwa usafiri wa umma.

Safu ya kushoto ya daftari langu ina mwenyewe. Ni Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, iliyochukua nafasi ya SUMATRA mwaka 2019. Yeye ndiye anayesema abiria atozwe hadi kiasi gani, na husema kwa senti. Mwaka 2013 kikomo cha basi la daraja la kawaida kwenye lami kiliwekwa shilingi 36.89 kwa kila kilometa. Mei 2022, vita vya Ukraine vikiwa vimepandisha bei ya mafuta duniani, kikawa 41.29. Tarehe 8 Desemba 2023 kikapanda tena hadi 48.47, na daraja la kati likatoka 56.88 hadi 67.84. Kwa lugha ya mfukoni: kilometa 100 za lami zilizokuwa na kikomo cha shilingi 3,689 zikawa 4,129, kisha 4,847. Unaweza kulalamika kwamba ni nyingi, na mwenye basi akalalamika kwamba hazitoshi, lakini angalau kuna namba ya kulalamikia.

Safu ya kulia haina mwenyewe. Hakuna mahali palipobandikwa kwamba abiria wa Mbulu asisubirishwe zaidi ya muda fulani. Na kinachouma zaidi ni kwamba jambo hilo linawezekana, na pale pale stendi. Alfajiri hiyo, nikiwa bado kitandani gesti, nilisikia honi ya basi kubwa la Dar es Salaam. Lile lina tiketi mtandao yenye namba ya kiti na saa ya kuondoka, lina kifaa cha kufuatilia mwendo kinachosomwa na LATRA, lina ratiba. Tangu tarehe 1 Oktoba 2023, mabasi yaliporuhusiwa tena kutembea usiku kucha baada ya marufuku ya miaka mingi, linaweza hata kupanga saa yake bila kuogopa giza. Likifika wakati linaondoka, umefika au hujafika. Kwa hiyo mtu wa Mbulu anaweza kukuambia kwa karibu sana atafika saa ngapi Kituo cha Magufuli kule Mbezi. Hawezi kukuambia atafika saa ngapi Haydom, ndani ya wilaya yake mwenyewe.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo, na sikuiona mpaka nilipokaa kwenye lile Kosta nikiwahesabu watu wanaopungua. Usafiri wa miji yetu midogo umetengenezwa ili kututoa nje. Kutuzungusha sisi kwa sisi, mgonjwa kwenda hospitali, vitunguu kwenda sokoni, mpwa kwenda kwa mjomba, hilo limeachiwa gari linaloondoka likijaa.

Njiani mvua ilikuwa imetutangulia. Masika ya mwaka 2024 yalikuja yamebebana na El Niño, na udongo mwekundu wa huku ukishanywa maji hauna tofauti na sabuni ya kipande. Tulipita mitambo ya mkandarasi upande wa Mbulu, kwenye kipande cha kilometa 25 cha kwenda Garbabi ambacho kilikuwa kinajengwa kwa lami, kisha barabara ikarudi kuwa ile ya utoto wangu. Hii ndiyo barabara ambayo Mei 2022 ilimfanya mbunge wa Mbulu Vijijini, Flatei Massay, apige sarakasi ndani ya Bunge, mbele ya kamera, ili waziri aelewe kuwa wapiga kura wake wamechoka. Nchi nzima ilicheka. Huku hawakucheka sana. Juni 2023 ikasainiwa mikataba ya barabara saba zenye jumla ya kilometa 2,035, mbele ya Rais, pale Dodoma, na hii ya kutoka Karatu kupita Mbulu na Haydom hadi Maswa ikiwemo. Nilipoutaja mkataba huo, mama wa vitunguu alinionyesha kwa kidevu lori lililolala ubavu mtaroni, akasema, "Na lile wanalisaini lini?"

Konda wetu alipita kukusanya nauli za waliopandia njiani, akawaongezea elfu moja juu ya ile tuliyolipa stendi. Nikamuuliza kulikoni.

"Mvua, mama."

"Mvua nayo ina nauli yake?"

"Mama, gari la huku halili mafuta. Linakula springi."

Alikuwa kijana msikivu, na kwa kuwa tulikwama mara mbili tukapata muda wa kuongea. Akanipigia hesabu yake kwa vidole vyenye grisi. Tajiri anataka hesabu yake kila jioni, mvua au jua. Dizeli ni ile ile gari likiwa na watu kumi au thelathini, na bei yake hubadilika kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, mamlaka ya nishati, EWURA, ikitangaza. Kuna ushuru wa stendi. Kuna springi, bushi, matairi. Siku ya mnada anajaza kwenda na kurudi, siku nyingine anakwenda na watu ishirini anarudi na saba. "Nikiondoka na viti vitupu, mama, hivyo viti navilipia mimi." Sikuwa na la kumjibu. Hata mdhibiti wa nauli mwenyewe anajua kwamba barabara ya vumbi inakula gari: mwaka ule wa 2013, wakati lami ikiwekewa 36.89, vumbi liliwekewa 46.11, yaani robo zaidi. Ni haki kwa mwenye gari. Lakini maana yake ni kwamba mtu aliyenyimwa lami analipa zaidi ya mtu aliyepewa, na halafu anaongezewa masaa.

Ila elfu moja ya mvua haipo kwenye karatasi yoyote. Hiyo ni ya konda, na nilimwambia. Akacheka, akamrudishia mzee mmoja mia tano.

Haydom tuliingia saa saba na dakika hamsini. Kwa wasioijua, Haydom ni mji uliozaliwa na hospitali. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Norwei waliifungua mwaka 1955, porini, mahali ambapo hakuna mtu mwenye akili za biashara angeweka hospitali, na tangu hapo watu wamekuwa wakiifuata kutoka Manyara, Singida, na siku hizi hata ng'ambo ya mto Sibiti, upande wa Meatu, daraja likiwa limekamilika. Ukitaka kujua maana ya safu ya kulia, kaa kwenye benchi nje ya wodi za Haydom uwaulize watu wamefikaje. Utasikia habari za pikipiki, za lori la mahindi, za kulala njiani Dongobesh. Niliyemsikiliza kwa makini ni shangazi mwenyewe.

Nilimkuta amekaa kitandani, mguu umefungwa plasta, amechukia.

"Daktari kaniruhusu jana," akaniambia hata kabla hatujamaliza salamu.

"Sasa shangazi, mbona bado uko hapa?"

"Gari la kijijini kwetu linakuja keshokutwa. Siku ya mnada."

Basi. Mgonjwa amepona, kitanda kinahitajika, nauli anayo imefungwa kwenye pindo la kanga, lakini anasubiri ng'ombe wapelekwe mnadani ndipo naye apate nafasi. Usiku alihamia kwa dada mmoja wa kanisani anayewahifadhi watu wa namna yake, na huko nikamkuta na wengine watatu, wote wamepona, wote wanasubiri gari. Nilitaka kumkodia pikipiki. Akanitazama, akautazama mguu, akanitazama tena. Nikanyamaza.

Sikuandika muda wa shangazi kwenye daftari. Siku zile ni zake.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa stendi ya Haydom saa moja. Gari la Katesh lilikuwa Haisi iliyochoka, na safari hii nilikuwa nimeerevuka: sikulipa mpaka nilipowaona wenzangu wakilipa. Nilizunguka nyuma nikawahesabu wenye mizigo ya kweli, maana mzigo haudanganyi. Mzee mmoja wa Kibarbaig, shuka lake jekundu na fimbo mkononi, alikuwa ameegemea ukuta mbali kabisa na gari. Nilimuuliza kama naye anakwenda Katesh. Akasema ndiyo, lakini gari bado. Atajuaje? "Dereva hajala," akajibu. Kweli, dereva alipoitiwa wali maharage, mzee akaja, akalipa nauli kamili bila kuongeza wala kupunguza, akakaa. Saa tatu na nusu tukaondoka. Nikaandika 2:30.

Kutoka Haydom kwenda Katesh unapita Basotu, na hapo nchi inafunguka ghafla. Kwa mtu aliyezoea vilima vya Mbulu, vishamba vyetu vilivyogawanywa mpaka vikawa kama leso, yale mashamba ya ngano ya Hanang yanatisha. NAFCO, shirika la serikali la mashamba, iliyalima kwa msaada wa Kanada tangu miaka ya 1970, kwenye ardhi ambayo Wabarbaig walikuwa wakichungia, na kesi za ardhi hiyo zilifika mahakamani. Mzee wa fimbo alikuwa akitazama nje upande ule ule bila kusema kitu. Nilifikiria matrekta yaliyoletwa, barabara zilizochongwa ili ngano itoke. Ngano ilipangiwa ratiba. Kisha likaja ziwa Basotu, duara la maji yaliyotulia, wanawake wakauza dirishani perege waliokaangwa, na Haisi nzima ikanukia samaki mpaka Katesh. Mzee alinunua wawili akanipa mmoja. Saa sita na nusu tulikuwa chini ya mlima.

Mlima Hanang una zaidi ya mita 3,400, na siku hiyo ulikuwa umejifunika wingu hadi kiunoni. Watu wa Katesh wanautazama tofauti sasa. Asubuhi ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, mvua iliung'oa ubavu wake, na tope, mawe na magogo vikashuka kupitia vijiji vya mlimani hadi ndani ya mji. Waliokufa walizidi 80. Nilipofika, miezi minne baadaye, bado kulikuwa na mistari ya tope kwenye kuta za maduka, kifuani pa mtu mzima, na mawe makubwa yamekaa mahali ambapo mjomba alinionyesha kwa mkono: hapa palikuwa na fundi cherehani, hapa kulikuwa na mama wa mboga. Serikali ilikuwa inawajengea waathirika nyumba upande wa Waret.

Mjomba ana duka dogo la pembejeo. Aliponieleza ile wiki, kuna jambo moja lilinishtua kwa sababu ya daftari langu. Barabara kuu ilizibwa na tope, mabasi ya Singida na Babati yakasimama, magari ya jeshi na ya misaada yakaja. Barabara ilipofunguliwa na watu wakaanza kusafiri kwenda kuzika, Ijumaa ya tarehe 8, ndiyo siku nauli mpya zilipoanza nchi nzima. Hakuna aliyepanga hivyo. Tangazo lilikuwa limetolewa Novemba. "Lakini ukiwa unakwenda msibani," mjomba akasema, "unaona kama wamekusubiri wewe."

Ujumbe wa wazee nilimfikishia usiku, na siku ya pili mchana akanisindikiza stendi.

Katesh iko kwenye lami. Barabara ya Singida, Babati hadi Minjingu, kilometa 223.5, ilijengwa kwa lami enzi za Kikwete, na mtu aliyekuwa akisafiri hapa kabla yake ana haki ya kuisimulia kama watu wanavyosimulia uhuru. Nilifika stendi saa saba kamili. Makonda watatu walinivamia kwa wakati mmoja, mmoja akanyakua mkoba, wa pili akanishushia nauli mia tano bila mimi kuomba. Gari liliondoka saa saba na robo likiwa na viti vinne vitupu, kwa sababu lilijua litavijaza Endasak, na kama si Endasak basi mbele. Dakika hamsini baadaye niko Dareda. Kushoto kwenye daftari: chini ya kikomo. Kulia: 0:15.

Wapenda lami husema inapunguza nauli. Kwa nilivyoona, mia tano ni kidogo. Kilichopungua ni kusubiri. Kwenye lami konda anashindana na saa, kwa sababu nyuma yake kuna gari jingine. Kwenye tope hana wa kushindana naye, na abiria ni kuku aliyefungwa miguu.

Lakini lami peke yake haitoshi kueleza. Miaka kadhaa nyuma nilikuwa Kigali, nikakata tiketi ya kwenda Huye. Karatasi ilikuwa na saa. Saa ilipofika tukaondoka, viti sita vitupu, nami nikawa natazama nyuma nikidhani kuna kosa. Wenzangu wala hawakugeuka. Baada ya nusu saa kulikuwa na basi jingine, na watu wanajua lipo, kwa hiyo hawaji stendi saa mbili mapema. Gari la kuondoka kwa saa hujaa kwa sababu linaondoka kwa saa. Sisi tunasubiri lijae ndipo tuliamini.

Hatuhitaji kuanza na kila nusu saa. Mbulu na Haydom zingeanza na mbili tu kwa siku: moja ya saa kumi na mbili asubuhi, moja ya saa nane mchana, zimeandikwa kwenye kibao kikubwa stendi, kwa zamu ya magari yenyewe. Siku zisizo za mnada itoke Haisi badala ya Kosta. Na halmashauri, inayokusanya ushuru pale getini kila siku, ilisamehe ushuru gari linalotoka kwa saa, hata likiwa na watu tisa. Ushuru ule ni mdogo, lakini konda wangu wa springi alipolisikia wazo hili alitulia kidogo, akaniuliza, "Na wa kurudi pia?" Nilijua nimemgusa.

Dareda ni pale lami inapoendelea Babati na njia ya Mbulu inapokata kupanda ukingo wa bonde la ufa kwenda Bashnet. Saa nane na dakika tano nilikuwa kwenye kituo. Noah ya Mbulu ilikuwa na watu wawili. Hii ilikuwa familia yangu kwa muda uliofuata: mwalimu mwenye boksi la mitihani, mama aliyebeba mtoto, vijana wawili mafundi umeme, mfanyabiashara wa simu, na bibi mmoja mwenye kuku ndani ya kikapu, kuku ambaye kila robo saa alitoa maoni yake. Walifika mmoja mmoja. Kufika saa kumi tulikuwa saba, na dereva anataka tisa. Tisa kwa hesabu yake. Gari lenyewe kwa hesabu ya kiwandani lisingependa tisa.

Wingu likaanza kushuka kutoka Bashnet. Kila aliyekulia huku anajua ile barabara ya ukingoni ikiloa, na ikiloa gizani. Mama mwenye mtoto akauliza tunaondoka lini, dereva akasema wawili tu. Mwalimu akauliza tena baada ya nusu saa, dereva akasema wawili tu. Hapakuwa na wapiga debe wa kukaa vitini, Dareda ni kituo kidogo. Hapa uwongo wenyewe haukuwepo, kulikuwa na hesabu kavu. Nauli ni elfu sita. Viti viwili ni elfu kumi na mbili. Bila hizo haondoki.

Ni yule mfanyabiashara wa simu aliyesema, "Jamani, tuwanunue hao wawili."

Kimya kidogo, kila mtu akipiga hesabu. Bibi wa kuku tulimtoa kwenye mchango bila mjadala. Tukabaki sita. Elfu mbili mbili. Mafundi walinung'unika, mmoja akasema ni wizi, mwenzake akasema wizi ni kulala Dareda. Mama mwenye mtoto alifungua pochi, akahesabu noti na sarafu, akakosa mia tatu, mwalimu akamwongezea. Dereva akapokea, akahesabu mara mbili, akawasha gari. Saa kumi na dakika hamsini. Tukaondoka tukiwa saba na abiria hewa wawili, na hawa walikuwa wamelipa.

Pale Bashnet Noah iliteleza mara moja ikaelekea mtaroni, tukashuka tukasukuma, wote isipokuwa bibi, mtoto na kuku. Fundi umeme mmoja, tope hadi magotini, akanyoosha kidole ndani kwenye viti vitupu: "Na hao wawili si washuke wasukume?" Tulicheka mpaka nguvu zikatuishia. Kutoka hapo hadi Dongobesh hakuna aliyelala.

Nimesoma matangazo mengi ya nauli, na wataalamu wanaopanga vikomo hujadili bei ya dizeli, vipuri, thamani ya shilingi kwa dola. Thamani ya saa ya mama mwenye mtoto pembeni ya barabara sijaiona ikitajwa. Sisi sita tuliipanga wenyewe, kwa dakika tano, bila mkutano wa wadau. Ukiwa LATRA Babati, au diwani wa Mbulu, au Katesh, nakuomba uchukue siku moja ya katikati ya wiki, uache gari la ofisi, uende Haydom kwa Kosta na urudi na daftari lenye safu mbili.

Mbulu tuliingia saa moja na dakika kumi usiku. Nilijumlisha nikiwa bado kwenye kiti: saa 10 na dakika 20 za kutembea, saa 9 na dakika 10 za kusubiri. Shangazi alifika kwake siku ya mnada, juu ya gunia la mahindi, mguu umenyooshwa.